Sura ya Sita: Deni la Mrithi

Babu yetu alipofariki, na matanga yakaisha, na wageni waliotoka Lamu na Malindi wakarudi makwao, vijana wawili wa ukoo walianza kuulizana kwa sauti ya chini ni nani atakayekaa katika nyumba ya ghorofa iliyokuwa ndiyo mali yake kubwa, na kama si bora ipangishwe. Mzee mmoja aliyeketi barazani, mjuzi wa ilimu ya faraidhi, aliwasikia, akawaita, na bila kufoka akawakumbusha utaratibu ambao kila mtoto wa chuoni hufunzwa na wengi wetu huusahau: kwamba katika mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha hulipwa madeni yake, kisha hutekelezwa wasia wake usiozidi thuluthi, na ni baada ya hayo yote ndipo warithi huruhusiwa kunyosha mikono. "Mrithi," akasema, "hurithi daftari kabla ya kurithi nyumba."

Maneno hayo niliyasikia nikiwa kijana, nikayahifadhi kama mtu anavyohifadhi ufunguo wa sanduku asilolifungua mara kwa mara; na siku niliyoyahitaji haikuwa siku ya msiba wala ya kusimama mbele ya kadhi, bali usiku mmoja wa mwaka 2015, nilipoimaliza kampeni ya mchezo wa video uitwao Halo 5: Guardians, nikaiweka pedi chini, nikayatazama majina ya watungaji yakipanda juu ya skrini, na nikaingiwa na huzuni ambayo kwa muda mrefu sikuweza kuipa jina. Haikuwa ghadhabu, kwa kuwa mchezo wenyewe ulikuwa umetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Wala haikuwa kuchoka, maana nilikuwa nimekwisha kuupenda mfululizo huo kwa muda wa zaidi ya miaka kumi na ningeweza kuupenda kwa miaka kumi mingine. Ilikuwa ni huzuni ya jamaa aliyepita mtaani akaiona nyumba ya babu yake imepangishwa, imepakwa rangi mpya, ina taa katika kila dirisha, ilhali daftari la madeni lingali limefungwa.

Kampeni, katika istilahi za wachezaji, ni ile sehemu ya mchezo inayosimulia kisa, yenye mwanzo na vikwazo na hatima, ambayo mchezaji haisomi wala haitazami tu, bali huipita kwa mikono yake mwenyewe. Na sifa hiyo ndiyo inayoyafanya mapenzi ya mchezaji kwa kisa yawe mazito kuliko anavyodhani mtu wa nje, kwa sababu aliyesoma kwamba shujaa alivuka daraja huamini, lakini aliyelivuka yeye, akafa mara saba kabla ya kufika ng'ambo, hukumbuka. Kwa hiyo mtu anapolalamika kwamba kampeni ya mchezo aupendao imemvunja moyo, asidhaniwe kuwa ni mtoto aliyenyimwa kidude chake. Mara nyingi ni shahidi anayedai kwamba aliyoyaona kwa macho yake yasigeuzwe.

Halo ya kwanza ilitoka tarehe 15 Novemba 2001, siku ile ile Xbox ya kwanza ilipoingia madukani huko Marekani, nayo ilitungwa na kampuni ya Bungie, ambayo Microsoft ilikuwa imeinunua mwaka 2000. Kisa chake kilikuwa chepesi kusimulia. Katika karne ya 26 wanadamu wanapigana na Covenant, muungano wa viumbe wa sayari nyingine unaotaka kuwafuta kwa jina la dini yao. Askari mmoja aliyelelewa tangu utotoni kwa ajili ya vita, Master Chief, ambaye uso wake hatuonyeshwi, anatua juu ya pete ya ajabu inayoelea angani, kubwa hata ina bahari na milima upande wake wa ndani. Na ndani ya kofia yake ya chuma anazungumza naye Cortana, akili bandia yenye sauti ya kike, mwerevu, mcheshi, mwenye kujua mengi asiyoyajua yule askari, na asiye na mkono wala mguu wa kuyatenda. Walikuwa kama kipofu na kiwete wa hadithi za wazee wetu, mmoja akibeba na mwingine akiona njia. Na ingawa mizinga ilikuwa mingi na maadui hawakuisha, wapenzi wa mchezo ule walijua tangu mwanzo kwamba moyo wa kisa ulikuwa katika mazungumzo ya wale wawili.

Kwa sisi watu wa pwani yalikuwako mengine zaidi. Tarehe 9 Novemba 2004 ilitoka Halo 2, na diski yake ilipotufikia nyumbani kwa mkono wa binamu aliyetoka Dubai, mimi na mdogo wangu tuliiweka katika mashine bila kujua yaliyomo, na baada ya saa chache tukajikuta tumo katika mji wetu. Adui alipoishukia dunia hakushukia New York wala London. Alishukia Mombasa ya mwaka 2552, Mombasa ya Kale yenye vichochoro na hoteli iitwayo Zanzibar, na Mombasa Mpya yenye majumba marefu na mnara wa kupandia angani, na baina ya hizo mbili daraja refu ambalo mchezaji hulivuka akiwa ndani ya kifaru. Halo 3 ya mwaka 2007 huanzia katika misitu ya Afrika Mashariki, hufuata barabara ya Tsavo na kufika Voi; na Halo 3: ODST ya mwaka 2009 humtembeza askari mpweke usiku kucha katika mitaa iliyoachwa na watu, nayo huzitaja Kizingo na Kikowani kwa majina yake tunayoyajua. Hatukuutambua mji kwa sura, maana watungaji wake walikuwa mbali na walijenga kwa dhana. Lakini mtoto asikiaye jina la mtaa wa shangazi yake likitajwa katika hadithi ya walimwengu hukaa wima, na tangu siku ile sisi tulikaa wima.

Tulicheza wawili, kama michezo ile ilivyoruhusu tangu ya kwanza: televisheni moja, pedi mbili, skrini ikikatwa nusu kwa nusu, mimi nusu ya juu na mdogo wangu nusu ya chini. Yeye aliendesha lile gari la vita lenye jina la ngiri, na mimi nilisimama nyuma kwenye mzinga, na kwa kuwa hakuweza kukata kona bila kutupindua, tulijifunza pamoja kuligeuza gari, kulaumiana na kusameheana, yote katika muda wa dakika moja. Mama alipita na sinia ya mahamri, akatuuliza kama huo mji umekwisha kuokolewa, nasi tukajibu kwamba bado. Yeyote anayetaka kuifahamu kampeni ya Halo sharti ajue kwamba kwa maelfu ya nyumba duniani hiyo ndiyo ilikuwa sura yake: jamvi moja na watu wawili.

Sasa, ili nisimdhulumu mrithi, ni wajibu wangu kukiri kwamba mwenye mali naye alikuwa na madeni. Halo 2 iliishia ghafla. Master Chief amejificha katika merikebu inayoirudia dunia, anatoa ahadi ya kuvimaliza vita, na palepale kisa kinakatika. Na baadaye watungaji wenyewe walieleza kwamba muda uliwabana, na kwamba sehemu za mwisho walizozikusudia zilikatwa ili mchezo utoke kwa wakati. Wachezaji wengi walinung'unika, na walikuwa na haki. Lakini deni lile lilikuwa la mtu anayekopa akitaja siku ya kulipa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 25 Septemba 2007, Halo 3 ililipa: vita vikaisha, Cortana akatolewa katika utumwa aliokuwa ameachwa ndani yake, na juu ya kilima karibu na Voi, katika ardhi yetu, pakawekwa ukumbusho wa waliokufa, na kamanda wa wanadamu akampa mkono Arbiter, yule kamanda wa Covenant aliyekuwa adui. Deni lililocheleweshwa linasameheka. Lisilosameheka kwa wepesi ni deni ambalo mrithi hujibu kwamba hakuliona.

Urithi ulipita hivi. Katika mwaka ule ule wa 2007 Bungie ilijitenga na Microsoft. Jina la Halo likabaki kwa Microsoft, na kampuni mpya, 343 Industries, ikaundwa ilishike. Bungie ilitoa Halo: Reach mwaka 2010 kama mkono wa buriani, kisha ikaenda zake. Kazi ya kwanza kubwa ya mrithi katika kisa chenyewe ilikuwa Halo 4, iliyotoka tarehe 6 Novemba 2012, na nasema kwa moyo mweupe kwamba katika jambo lililo kuu mrithi alianza kwa adabu. Kwa kanuni za kisa hicho, akili bandia ya namna ya Cortana huishi kama miaka saba, kisha fikira zake huanza kujila zenyewe hata zikaharibika. Na Cortana alikuwa amekwisha kuupita muda huo. Kampeni nzima ya Halo 4 ni safari ya askari anayemwuguza mwenzake asiyeponyeka, akimwahidi dawa ambayo wote wawili wanajua kwamba pengine haipo. Na mwisho, baada ya kujitoa mhanga ili ayaokoe maisha ya askari huyo, Cortana anaupata kwa dakika moja mwili wa nuru, anaweka kiganja juu ya kifua cha chuma cha rafiki yake, na kumwambia kwamba alikuwa ameitamani fursa hiyo kwa muda mrefu. Kisha anatoweka. Mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, aliinuka akaenda kunywa maji, na alikawia huko jikoni.

Nimeyasimulia haya kwa kirefu kwa sababu hukumu yangu juu ya Halo 5 yote imesimama juu yake. Mchezo huo ulitoka tarehe 27 Oktoba 2015, na madai yangu dhidi ya kampeni yake ni manne, nitakayoyataja kwa mpango kama yule mzee wa barazani, ila nikianza na yaliyo mepesi na kumalizia na mazito.

Dai la kwanza ni la ahadi. Kwa miezi mingi kabla ya siku ya kutoka, ulimwengu ulitangaziwa kwamba Master Chief amekuwa haini au amedhaniwa haini, na kwamba askari mwingine, Jameson Locke, ametumwa kumwinda. Filamu mbili fupi zilionyeshwa, moja ikimleta Locke mbele ya Chief aliyeshindwa katika mji uliobomoka, chini ya sanamu iliyoanguka, na nyingine ikiligeuza jambo hilo, Chief akimsimamia Locke. Na pamoja nazo ukatangazwa mchezo wa kusikiliza, Hunt the Truth, ambamo mwandishi wa habari Benjamin Giraud, kwa sauti ya mwigizaji Keegan-Michael Key, anatumwa kumwandikia shujaa sifa na badala yake anafumbua jinsi watoto walivyoibwa kwa wazazi wao ili wafanywe askari. Ilikuwa ni kazi nzuri mno, na tulijiandaa kwa kisa cha haki na uongo, cha dola na mtumishi wake. Tulipoicheza kampeni, mji ule uliobomoka haukuwamo, sanamu haikuwamo, na maswali ya Giraud hayakujibiwa. Chief anaasi amri kwa sababu amepata ishara kwamba Cortana yu hai, Locke anamfuata, wanakutana mara moja katika sayari ya Meridian, wanapigana kwa mikono kwa muda mfupi katika tukio tunalolitazama tu bila kulicheza, na uadui wao unakwisha hapo. Muuzaji aliyeonyesha kanzu ya hariri dirishani na kufunga kanzu ya pamba ndani ya karatasi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba pamba nayo ni nguo nzuri.

Dai la pili ni la wahusika. Kati ya misheni 15 za kampeni, Master Chief anachezwa katika tatu tu, na 12 ni za Locke. Simlaumu mtungaji kwa kuleta shujaa mpya, na ushahidi wangu ni Arbiter. Mwaka 2004 watu wengi walikasirika Halo 2 ilipowalazimisha kuvaa ngozi ya adui. Lakini Bungie ilikuwa imeifanya kazi yake ya kumleta. Mchezo unafunguliwa kwa sherehe mbili zinazopokezana: huku Chief anavishwa nishani kwa kuiharibu pete, na kule kamanda wa Covenant aliyeshindwa kuilinda anachomwa chapa ya aibu mbele ya kaumu yake. Katika dakika chache tumekwisha kumfahamu mtu huyo, tumelijua jeraha lake, na tumeelewa kwamba ushindi wetu ndio msiba wake; hata mchezaji asiyempenda hawezi kusema kwamba hamjui. Locke hakupewa jeraha. Ni askari mwema, mtiifu, mwenye sauti tulivu, ambaye baada ya misheni 12 sijui anaogopa nini wala anampenda nani. Na mwenye kutaka kumjua zaidi hurudishwa kwenye Halo: Nightfall, filamu ya mwaka 2014 iliyotolewa kando.

Hilo la kurudishwa kando lilikuwa ada ya kampeni nzima. Wenzake Chief watatu, Fred, Kelly na Linda, waliolelewa naye tangu utotoni na ambao wasomaji wa riwaya ya Eric Nylund ya mwaka 2001 walikuwa wakiwasubiri kwa miaka 14, wanaletwa hatimaye katika mchezo mkuu, na wanatembea kando yake kama watu waliopanda gari moja kwa bahati. Didact, adui mkubwa wa Halo 4, mambo yake yalimalizwa katika vitabu vya picha. Jul 'Mdama, aliyejengwa kuwa adui wa baadaye, anauawa katika misheni ya kwanza, katika tukio la kutazamwa. Mahali pao anakuja Warden Eternal, jitu la chuma tunalopigana nalo, tukaliangusha, likarudi, tukaliangusha tena, na mara moja likatujia likiwa matatu kwa pamoja. Na adui anayerudi bila kubadilika huwa kama ngoma ya mkesha ambayo mpigaji wake anajua pigo moja tu.

Dai la tatu ni la jamvi. Halo 5 ilikuwa ya kwanza katika michezo mikuu ya mfululizo huo kuinyima kampeni skrini ya kugawanya. Sababu ilitolewa waziwazi: watungaji walitaka picha ziende 60 kwa kila sekunde bila kusita, na mashine isingeweza kuchora ulimwengu mpana namna ile mara mbili kwa wakati mmoja. Ni sababu ya kweli, na ulaini wa mwendo wake naliuhisi mikononi. Lakini hapa ndipo ajabu yenyewe: kampeni ilitungwa kwa ajili ya watu wanne, Chief na wenzake watatu, Locke na wenzake watatu, kila misheni ina nafasi nne, na hao wanne wanaweza kukutana kwa intaneti tu, kila mmoja na mashine yake, televisheni yake na nakala yake. Mchezo uliohubiri udugu kuliko yote uliotangulia ndio uliowatenga ndugu wa nyumba moja. Mwaka 2017 Bonnie Ross, mkuu wa 343 Industries, aliahidi hadharani kwamba michezo ya Halo ya namna hiyo itakayofuata itakuwa na skrini ya kugawanya. Na mwezi Septemba 2022 kampuni hiyo ikatangaza kwamba kwa kampeni ya Halo Infinite kazi hiyo imeachwa.

Dai la nne ni la maziko, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Cortana hakufa. Tunaambiwa kwamba aliingia katika Domain, hazina ya ilimu ya watu wa kale, akapona ugonjwa wake, na akarudi akiwa na azma ya kuitawala dunia yote kwa amani ya lazima, akiyaamsha majitu ya chuma yaitwayo Guardians ili yasimame juu ya kila sayari itakayokataa. Sikatai kwamba wazo hilo lina uzito wake. Mtu aliyependwa akirudi akiwa dhalimu ni maudhui ambayo mtungaji mkubwa angeweza kuyafanyia kitabu kizima. Lakini wazo hilo lilidai gharama, na gharama hiyo haikulipwa. Yule aliyeweka kiganja juu ya kifua cha rafiki yake na yule anayemfungia rafiki huyo ndani ya kasha ili asimzuie ni mtu mmoja kwa jina na kwa sauti, maana Jen Taylor ndiye aliyewasemea wote wawili. Ila baina yao hakuna daraja. Hatukuonyeshwa siku aliyokata shauri. Hatukuonyeshwa Chief akimlilia kwanza, ili tujue anarudishiwa nini. Kifo tulichokizika mwaka 2012, ambacho kila mmoja alikilia kwa namna yake, kilifanywa kuwa safari iliyokatishwa, na kaburi likafukuliwa bila wafiwa kuulizwa. Na Cortana huyo tunaonana naye kwa muda mfupi mno, hata Chief, mwenye haki ya kumwuliza kuliko kiumbe yeyote, ana misheni tatu tu za kuulizia.

Nasema tena kwamba mrithi hakuwa mvivu wala mjinga. Safari ya Sanghelios, ambako Arbiter anaipigania nchi yake na jitu la Guardian linainuka kutoka chini ya bahari, ni miongoni mwa mambo ya fahari niliyowahi kuyacheza; mashindano ya mtu na mtu yalikuwa mepesi na ya haki; muziki wa Kazuma Jinnouchi ulizichukua nyimbo za zamani kwa heshima. Na hapo ndipo madai yangu yanapopata nguvu. Mjenzi asiyejua kazi yake humhuzunisha mtu mara moja. Fundi hodari aliyejenga juu ya msingi asiouchunguza humhuzunisha kila apitapo na kuona uzuri wa madirisha.

Zipo hoja za kunijibu. Husemwa kwamba mtungaji mpya sharti awe huru, na kwamba wapenzi wa siku nyingi ni wagumu, wanataka chakula kile kile katika sahani ile ile. Kuhusu uhuru nakubali. Faraidhi haimkatazi mrithi kuibomoa nyumba. Akipenda na aibomoe, ajenge ghala au bustani, mali ni yake. Inamkataza jambo moja tu, kutumia kilicho cha wadai. Na wadai wa hadithi ni wale walioilipa kwa imani: walioambiwa kwamba vita vimekwisha wakapumzika, walioambiwa kwamba mtu amekufa wakalia. Ukitaka kuwaambia kwamba mambo sivyo, waambie. Lakini ulipe kwanza, kwa kurasa, kwa muda, kwa matukio yatakayowafanya waseme kwamba ingawa hawakutarajia, haikuwezekana kuwa vingine.

Yaliyofuata yaliithibitisha khofu yangu. Halo 5 iliishia katikati, Cortana ametawala na mashujaa wamekimbia, nasi tukasubiri miaka sita. Halo Infinite ilipotoka tarehe 8 Desemba 2021, Chief alirudishwa kuwa shujaa wa peke yake, pete ikarudi, na vita vyote vya Cortana vilikuwa vimekwisha kabla ya mchezaji kushika pedi. Hatima yake tulisimuliwa kwa vipande vya kumbukumbu, nyuma ya pazia. Mrithi alikuwa ameona kwamba deni limemzidi, akalifuta. Lakini deni halifutwi na mdaiwa. Kwa hiyo yule Cortana tuliyempenda ana vifo viwili: kimoja tulichokiona, wakakikanusha, na kingine walichokikiri, tusikione.

Mwishoni mwa mwaka ule wa 2015 mdogo wangu alikuja likizo kutoka Muscat, anakofanya kazi. Baada ya isha, nyumba ilipotulia, aliketi mahali pake pa zamani upande wa kushoto, akauliza pedi ya pili iko wapi. Nikaitafuta, nikaipangusa vumbi, nikaweka Halo 3, ambayo ndani ya mkusanyo uliotoka mwaka 2014 ilikuwa ingali na skrini yake ya kugawanya. Mimi Chief, yeye Arbiter. Tuliipita barabara ya Tsavo ndani ya lile gari, naye alitupindua katika kona ile ile aliyotupindua alipokuwa na miaka kumi na kitu, na kwa usiku tatu tukazimaliza misheni zote tisa mpaka pale kwenye kilima karibu na Voi, jua likiwa chini, watu wamesimama kimya mbele ya ubavu wa chombo kilichovunjika uliofanywa ukumbusho.

"Kaka," akasema, "wangeiacha hapa."

Nilifikiri kitambo. Nilimwambia kwamba mimi singependa waiache, kwa kuwa nyumba isiyokaliwa huporomoka upesi kuliko nyumba iliyopangishwa. Na kwamba siku mrithi atakapolifungua daftari, akayasoma majina yetu sote humo, nitakuwa mtu wa kwanza kubisha mlangoni kwake na kuomba kuingia. Mdogo wangu hakujibu. Aliurudisha mchezo mwanzo, akaniuliza kama safari hii nitamwachia Chief, nami nikampa nusu ya juu ya skrini.